Jembe la Kuokota na Haya ya Wenye Nasaba

Limezuka neno katika jamaa zetu tulio huku Marekani, nalo husemwa kwa sauti ya chini harusini na kwa sauti ya juu kwenye simu: ya kwamba mtu wa ukoo wetu akionekana ameinama ukingoni mwa barabara anaokota beleshi lililotupwa, basi ameuvunjia heshima ukoo mzima, walio hai na waliozikwa. Nimelisikia kwa wakubwa na kwa vijana, kwa walioko hapa Columbus na kwa wanaopiga simu kutoka Louisville na Buffalo. Tena limepambwa kwa sentensi moja ambayo kila mtu huitoa kana kwamba ameitunga yeye: "Hatukuvuka bahari kuja kuokota taka." Nimenyamaza muda wa kutosha. Leo nalijibu, na ninalijibu hapa kwa sababu ukurasa huu ni wa nasaba zetu, na hoja yao yote imeegemezwa juu ya nasaba.

Kwanza na tujue ni taka gani hizo. Mimi naishi Northland, upande wa kaskazini wa Columbus, mtaa ambao wengi wenu mmeufikia kwa ajili ya maduka ya Morse Road na Cleveland Avenue. Zamani palikuwa na Northland Mall, soko kubwa lililofunguliwa mwaka 1964 na kufungwa mwaka 2002. Wateja wa zamani walipohama, walikuja Wasomali, Waethiopia na watu wa mataifa mengine, wakaifungua milango iliyokuwa imefungwa. Nyumba nyingi za hapa ni za enzi ya soko hilo, kila moja na kiwanja chake cha majani mbele na banda dogo nyuma. Mwenye nyumba akizeeka, au akifa, au mpangaji akihama, banda humwagwa ukingoni mwa barabara kungoja gari la jiji linalochukua vitu vikubwa. Humo ndimo zilimo hizo mnazoziita taka.

Nilikuwa karani miaka 37, na karani hastaafu daftari. Tangu majira ya machipuko ya mwaka jana nimeandika kila nilichokiokota, tarehe na mtaa: mabeleshi 14, reki 9, majembe 6, nyuma za kulimia 5, mikasi ya ua 7, matoroli 3 na mashine 4 za kukata majani. Katika mabeleshi 14, yaliyokufa kwa haki ni 2 tu, chuma kimepasuka shingoni. Mengine 12 yalikuwa na mpini uliovunjika, au mpini mzima uliokauka, au hayakuwa na dosari yoyote isipokuwa kutu na kuchokwa na mwenyewe. Nyundo iliyotoka mpini, sisi tuliozaliwa pwani, haiitwi takataka. Huitwa nyundo inayosubiri mpini. Lini tulibadilisha jina?

Na chuma chenyewe, laiti mngekijua! Miji hii mitatu ambamo jamaa zetu wametawanyika ilikuwa miji ya zana. Hapa Columbus ndipo palipokuwa na kampuni ya Union Fork and Hoe, na jina lake tu linatosha kuwaeleza ilichokuwa ikitengeneza. Cleveland, mwendo wa saa mbili kutoka hapa, palikuwa na American Fork and Hoe, ambayo mwaka 1949 ilijiita True Temper. Louisville palikuwa na Belknap, nyumba ya biashara ya vyuma iliyoanzishwa mwaka 1840, ikauza zana zenye chapa ya Blue Grass mpaka ilipofungwa mwaka 1986. Buffalo palikuwa na Buffalo Forge, waliounda majiko ya wahunzi na mashine za kuvuvia moto. Beleshi la kufuliwa la zama zile ukiligonga kwa ufunguo hulia kama kengele. La siku hizi, lililokatwa katika bati na kukunjwa, hulia kama sufuria. Nani basi mwenye akili timamu ambaye hupita kando ya kengele, akaenda dukani kununua sufuria?

Hata mti wa mpini una habari yake. Mipini ya mabeleshi, reki na nyuma ilichongwa kwa mti waitao ash, mti uleule uliochongewa magongo ya besiboli ya Louisville, kwa kuwa ni mwepesi na hupokea kishindo bila kuumiza kiganja. Mwaka 2002 mdudu wa kijani aliyetoka Asia aligunduliwa Michigan, na mwaka uliofuata akaonekana hapa Ohio. Tangu hapo ameua mamilioni kwa mamilioni ya miti hiyo. Mpini mkuukuu wa ash ulio mzima, basi, si kitu cha kuvunjavunja na kutia pipani. Mimi hukata hata vipande vya mipini iliyovunjika nikavichonga kabari.

Kazi yenyewe haina siri, na wanaosema kwamba haiwezekani ndio hao hao ambao hawajawahi kushika tupa. Chuma hulazwa katika siki usiku mmoja, asubuhi kikasuguliwa kwa brashi ya waya, kikaoshwa kwa maji ya magadi ili ukali wa siki ufe, kikakaushwa mara moja na kupakwa mafuta. Mpini uliovunjika hutolewa kwa kusaga kichwa cha ribiti na kuigonga itoke upande wa pili. Kisiki kilichobaki ndani hutobolewa kidogo kidogo kwa keekee. Msikichome kwa moto, kama nilivyoona watu wakifanya, maana moto huondoa ugumu uliotiwa na mhunzi, na beleshi likawa laini kama kijiko cha chai. Mpini mpya utazameni kwanza nyuzi zake: ziende sawa tangu mwanzo hadi mwisho, zisikatize ubavuni, kwani zinapokatizia ndipo utakapovunjikia. Kisha pakeni mafuta ya kitani, pakeni tena kesho, na tena wiki ijayo. Na hapa nitaje jambo la hatari: matambara yaliyoloa mafuta hayo msiyafinyange na kuyarundika kwenye kona, kwa kuwa hupata joto yenyewe na huweza kuwaka bila kibiriti. Mimi huyatandaza nje yakauke, au huyatia katika kopo la maji.

Mashine za majani zinatisha watu kwa sababu zina injini. Katika zile 4, 3 zilikuwa na ugonjwa mmoja: petroli iliachwa ndani majira yote ya baridi, ikachacha, ikaacha utomvu katika kabureta. Chomoa kwanza waya wa plagi ili mashine isije ikaamka mkono wako ukiwa chini yake, mwaga petroli ya zamani, fungua kikombe cha kabureta ukisafishe pamoja na kitundu chake chembamba, tia plagi mpya, noa kisu. Ni kazi ya alasiri moja. Mwenyewe alikuwa amekwenda kununua mpya kwa mamia ya dola.

Sitasema kila kitu hutengenezeka. Viwanda vya leo vinajua vinachokifanya: mpini wa plastiki uliogandishwa pamoja na chuma, betri ambayo chapa yake ikibadilishwa kifaa kizima kinakuwa yatima. Hizo huziacha zilipo. Lakini ajabu ni kwamba jamaa zetu huziheshimu hizo, kwa kuwa zimetoka dukani na boksi lake, na hulidharau jembe lililomzika aliyelinunua na liko tayari kumzika wa pili.

Sasa nije kwenye nasaba, maana hapo ndipo penye kidonda.

Mnasema hatukuvuka bahari kuja kuokota. Mimi nawauliza, waliovuka bahari walikuja kufanya nini? Humu mmeleta shajara ndefu, fulani bin fulani hadi Shihr, hadi Tarim, hadi Muscat, na mimi nimezinakili kwa mkono wangu. Lakini katika shajara hizo hakuna hata moja inayotaja kazi. Babu yangu aliingia Mombasa kwa kaskazi na mkeka na kikombe, akabeba maji. Ndiyo, maji, kwa mtungi na kwa bati, mlango kwa mlango, kama walivyobeba Washihiri wengi wa zama zile waliokuwa hamali, wauza kahawa na wachuuzi wa vitu vidogo kabla hawajawa wenye maduka. Bati lile lilikuwa debe la mafuta ya taa lililotupwa, likatiwa kijiti cha kushikia. Babu aliokota. Duka tulilorithi lilianza ndani ya debe la kuokota, na anayetaka kulifuta debe hilo katika historia yetu na alifute duka pia.

Na chombo kilichomleta, mnadhani kilikuwa kipya? Jahazi ni kitu kinachotengenezwa maisha yake yote. Kila msimu hupandishwa ufukweni, hutiwa kalafati upya, hupakwa deheni ya chokaa na shahamu chini na mafuta ya sifa juu, ubao uliooza hung'olewa na mwingine kutiwa. Nahodha aliyeona haya kutengeneza asingefika Mombasa. Angefika kwa papa. Na nyumbani pia, nani hakukulia katika mwanga wa kibatari kilichotokana na kopo? Nani hakuona makatambuga ya mpira wa gari, kanga ikizeeka ikawa winda la mtoto na kisha tambara la jiko? Gikomba kule Nairobi mpaka leo mafundi wa jua kali hugeuza pipa la mafuta kuwa jiko na chuma chakavu kuwa patasi. Sisi tunawapiga picha tukienda likizo, tunaziweka ukutani Ohio, tunaziita utamaduni.

Kwa hiyo haya hii haikutoka kwa waliovuka bahari. Imetoka kwingine, nami nitasema imetoka wapi ingawa najua nitapigiwa simu. Pwani yetu, baada ya debe kuwa duka na duka kuwa shamba, mtu alijulikana kuwa muungwana kwa mikono yake kuwa laini. Jembe lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa sisi. Lilishikwa na mtumwa, na baada ya utumwa kukomeshwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, liliendelea kushikwa na watoto wake. Mashamba ya mikarafuu, ya minazi na ya nafaka hayakulimwa kwa shajara. Tulichokuwa tukikionea haya si chuma wala udongo. Tuliona haya kufanana na yule aliyetulimia. Na haya hiyo tumeifunga katika masanduku pamoja na vyetezo na mikufu, tukaja nayo mpaka Northland, ambako hakuna anayejua babu yetu alikuwa nani wala anayejali.

Wala si jambo la kale tu. Aliyenifundisha mimi kuvalisha mpini ni mzee jirani yangu, aliyezaliwa bonde la Mto Juba kule Somalia. Watu wake walichukuliwa kutoka pwani na bara la nchi ambazo leo ni Tanzania na Msumbiji katika karne ya 19, wakauzwa kaskazini. Waliotoroka wakajenga vijiji vyao katika misitu ya Juba, na mzee huyu mpaka leo anasema Kizigula, ambacho mimi ninakielewa nusu nzima bila kufundishwa. Vita vya Somalia viliwatoa huko, wakakaa Dadaab na Kakuma miaka mingi, na kuanzia mwaka 2003 Marekani iliwapokea zaidi ya 12,000. Wako Columbus, wako Louisville, wako Buffalo. Wao ndio wakulima hasa miongoni mwetu sote, na ndio ambao baadhi ya jamaa zetu huwaita kwa majina nisiyoweza kuyaandika hapa. Mzee huyo hupima mpini kwa kuusimamisha ardhini ufike kwapani, halafu huugeuzageuza akitafuta upande ambao mti "unataka" kutazama. Hakwenda shule hata siku moja. Mimi niliyesomeshwa nahau na sarufi na kufunga hesabu za ofisi, nilikaa juu ya ndoo mbele yake kama mtoto wa chuoni. Basi anayesema kwamba nimejishusha, aseme wazi nimeshuka chini ya nani.

Wako wengine ambao hawaleti nasaba, bali wanaleta sheria. Kuokota, wanasema, ni kuchukua mali ya watu. Hoja hii ni nzuri zaidi, na inastahili jibu la heshima. Waliosoma fiqhi wanajua mlango wa lukata: kitu kilichopotea, ambacho mwenyewe anakitaka, na aliyekiona analazimika kukitangaza. Lakini kitu ambacho mwenyewe amekitoa kwa hiari, akakiweka kando ya pipa siku ya taka, hicho hakikupotea. Kimeachwa, na baina ya kupotea na kuachwa pana tofauti ambayo hata mtoto anaielewa. Ukiwa na shaka, bisha hodi. Mimi hubisha hodi daima. Katika kubisha kwangu hakuna aliyewahi kuninyima, na wawili walinipa na kahawa. Mmoja, bibi mzungu mwenye umri wa kunizaa, alinishika mkono akaniambia reki ile ilikuwa ya mumewe, na akaniuliza kama kweli nitaitumia.

Na wale wanaosema kwamba wakati ni mali, beleshi jipya ni rahisi, hao nawapa kisa kimoja nimalize maneno. Mwaka jana mjane mmoja wa jamaa yetu alipata barua ya onyo kwa kuwa majani ya uwanja wake yalikuwa yamepita inchi 12, kiwango ambacho jiji letu haliruhusu. Mashine yake ilikuwa imekufa, mwanawe yuko kazini usiku na mchana, na mkataji wa kulipwa anataka fedha kila wiki mbili. Kikakaa kikao cha ukoo kwenye simu. Saa moja na nusu tulijadili rangi ya mialiko ya karamu ya nasaba, na dakika 10 za mwisho tukamfikia mjane. Likapendekezwa changizo la mashine mpya. Changizo likaishia kwenye ahadi. Jumamosi ile mimi nilimpelekea mashine niliyokuwa nimeiokota nyuma ya Karl Road, plagi mpya na kisu kilichonolewa, imenigharimu dola 11. Majani yakakatwa kabla ya siku ya mwisho iliyoandikwa katika barua. Na siku ya pili ami mmoja akanipigia, si kuniuliza hali ya mjane, bali kunitaka niitie mashine ile rangi, "isijulikane ilikotoka."

Sikuitia rangi. Bado inakata.

Miji yote mitatu ina maktaba za zana, ambako mtu huazima beleshi au msumeno kama anavyoazima kitabu. Ya Buffalo iko tangu mwaka 2011, na hii ya Columbus ina umri mkubwa zaidi. Na kule Buffalo, kwenye barabara ambayo nayo inaitwa Northland, kiwanda cha zamani cha Niagara Machine and Tool Works kilifunguliwa upya mwaka 2018 kuwa chuo cha kuwafundisha watu kazi za mikono na mashine. Wenyeji, wenye fedha zao na nchi yao, hawaoni haya. Vijana wetu walioko Buffalo ambao wazazi wao wanasubiri wawe madaktari tu, na waende wakatazame angalau mlango.

Mpaka ninapoandika haya, gerejini kwangu yapo mabeleshi 5 yaliyokwisha kutengenezwa, reki 4, toroli 1 lenye gurudumu jipya, na vichwa 3 vya majembe vinavyongoja mipini. Mzee wa Juba huja kila Jumamosi baada ya adhuhuri, nami huweka chai ya tangawizi. Hakuna bei. Anayehitaji aje achukue, na anayetaka kujifunza aje na tupa yake, kwa kuwa yangu imekwisha meno. Mwenye kuona haya aje baada ya magharibi, taa ya nje nitaizima.